Mizinga ya Fort Jesus Isiyokuwa ya Wareno

Basi la shule likitoka Kangeta kwenda Mombasa hushuka Nyambene hadi Meru mjini, hupita Embu na Thika, kisha huingia Nairobi kabla ya kushika barabara ndefu ya Mtito Andei na Voi. Magari ya miraa ya Igembe yanaijua njia hiyo usiku na mchana, kwa maana watu wa pwani wamekuwa wateja wa Nyambene kwa miaka mingi. Wanafunzi wakishavuka kuingia kisiwani, hawakosi kupelekwa Fort Jesus. Wanasimama kando ya mizinga wapigwe picha, wanaambiwa kwamba Wareno waliijenga ngome hii kati ya mwaka 1593 na 1596, na wengi hurudi kwao wakiamini kwamba kila mzinga waliougusa uliletwa na Wareno.

Sivyo. Miwili kati ya mizinga hiyo ilitengenezwa karne tatu baada ya ngome kukamilika. Mmoja ulitoka kwenye manowari ya Kijerumani iliyoitwa SMS Königsberg. Wa pili ulitoka kwenye manowari ya Kiingereza, HMS Pegasus, iliyopigwa na kuzamishwa na Königsberg hiyo hiyo katika bandari ya Unguja alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914. Leo mahasimu hao wamewekwa pamoja chini ya ulinzi wa ngome moja. Na mtu wa Kangeta hana budi kuitazama miwili hiyo kwa makini kuliko mingine yote iliyopo pale, kwa sababu vita vilivyoifikisha Mombasa viliwachukua pia vijana wa Meru na Embu, na wengi wao hawakurudi.

Kabla ya kufika huko, ni lazima tukubaliane jambo moja: mzinga kukutwa ndani ya ngome si ushahidi wa nani aliuleta. Kati ya mwaka 1631 na 1875 Fort Jesus ilitekwa na kupokonywa mara tisa. Wareno waliishika, Sultani Yusuf bin Hasan akawafukuza mwaka 1631, Wareno wakarudi, Waomani wakaichukua Desemba 1698 baada ya kuizingira kwa takriban miaka mitatu, Wareno wakarudi tena kwa muda mfupi mwaka 1728, kisha wakaja Wamazrui, kisha Busaidi wa Unguja, hadi meli za Kiingereza zilipoipiga mabomu mwaka 1875 kuzima uasi wa Al-Akida, mkuu wa ngome hiyo. Kila aliyeingia alirithi silaha za aliyetoka, akaongeza zake. Mwaka 1895 Waingereza waliigeuza jela, ikabaki hivyo hadi 1958, na hata wakati huo vyuma vizito viliingizwa na kutolewa. Jumba la makumbusho lilipofunguliwa mwaka 1960, ngome ilikuwa imeshakuwa ghala la zama nyingi zilizochanganyika.

Unguja nako hali ni hiyo hiyo. Mbele ya Beit al-Ajaib kuna mizinga miwili ya shaba ambayo kwa asili ni ya Kireno kweli. Mmoja una nembo ya mfalme wa Ureno wa karne ya 16. Lakini haikuletwa Unguja na Wareno. Waajemi waliiteka Hormuz, mdomoni mwa Ghuba, mwaka 1622, na ushindi huo ukachongwa kwa maandishi ya Kiajemi juu ya shaba ya walioshindwa. Baadaye ikapita mikononi mwa Waomani hadi Unguja. Mzinga mmoja, falme tatu. Anayesoma nembo ya Ureno peke yake na kufunga daftari amesoma theluthi moja tu ya habari. Mfano mwingine ni wa tarehe 27 Agosti 1896, siku Waingereza walipoipiga kasri ya Sultani kwa dakika zisizofika 40. Miongoni mwa silaha zilizoelekezwa kwa meli zao siku hiyo kulikuwa na mizinga miwili ambayo Sultani alizawadiwa na Kaizari wa Ujerumani. Askari waliosimama nyuma yake hawakuwa Wajerumani.

Basi mzinga husomwaje?

Ukiwa wa chuma, wa kupakiwa mdomoni, na mtutu wake ni laini kwa ndani, huo ni wa zama za matanga. Mtazamaji aanze na mgongo wake. Mizinga ya serikali ya Uingereza ya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 mara nyingi ina taji na herufi za mfalme, GR kwa wale waliobeba jina la George. Karibu na hapo huweza kuwapo alama ya mshale mpana, ishara ya mali ya serikali ya Uingereza. Halafu ateremke kwenye vigingi viwili vinavyotoka ubavuni, vile vinavyoukalisha mzinga juu ya gari lake. Nyuso za vigingi hivyo ndipo wafua vyuma wengi walipoweka jina la kiwanda, nambari na mwaka. Kiwanda cha Carron cha Scotland, kwa mfano, kilikuwa na desturi hiyo.

Alama inayowachanganya watu kuliko zote ni zile tarakimu tatu zilizochongwa kwenye mwili wa mizinga ya Kiingereza, tuseme 18-2-14. Mgeni huzidhani kuwa tarehe. Kumbe ni uzito. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya mafungu ya ratili 112, ya pili ni robo za fungu hilo, yaani ratili 28 kila moja, na ya tatu ni ratili zilizobaki. Kumi na nane mara 112 ni 2,016. Robo mbili ni 56. Ongeza 14, jumla ni ratili 2,086, karibu kilo 946. Mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuifanya hesabu hiyo amesimama pale pale juani, na jibu lake lina thamani, kwa sababu uzito huo ukiuweka pamoja na urefu wa mtutu na upana wa mdomo, unaweza kuulinganisha na orodha za mizinga iliyofuliwa miaka ile na kukaribia sana kuujua muundo wake.

Mizinga ya shaba ina lugha nyingine. Ilikuwa ghali, ikapambwa: vishikio vya juu vyenye umbo la pomboo, nembo za wafalme, na kwa Wareno lile tufe la pete, ala ya elimu ya nyota. Mizinga ya aina hiyo iliyobaki Afrika Mashariki ni michache. Shaba huyeyushwa ikatumika tena, kwa hiyo jeshi lililoshinda lilikuwa na kila sababu ya kuichukua na kuiacha ya chuma.

Sasa turudi kwa ile miwili ya 1914. Ukiitazama kwa mbali, inafanana: mitutu mirefu na myembamba ya chuma cha pua, kila mmoja unakaribia urefu wa mita nne au kuipita kidogo. Mzinga wa Pegasus ni wa inchi nne, yaani milimita 101.6 kwa ndani. Mzinga wa Königsberg ni wa sentimita 10.5, yaani milimita 105. Tofauti yao haifiki milimita nne. Na hapo kuna mtego wa tatu: mzinga wa kale wa Kiingereza wa kurusha tufe la ratili tisa, ule wa zama za matanga, nao una kipenyo cha inchi 4.2, takriban milimita 107. Anayepima mdomo kwa haraka, kutu ikiwa imeshaula ukingo, anaweza kuchanganya silaha tatu zilizotengana kwa zaidi ya karne moja.

Ndiyo maana kipimo peke yake hakitoshi. Jambo la kwanza ni kumulika ndani ya mtutu kwa tochi. Mzinga wa kale ni laini. Hii miwili ina mifereji inayozunguka kuelekea mdomoni, ambayo kazi yake ilikuwa kulizungusha kombora ili lisiyumbe angani. Upana hupimwa kati ya matuta yaliyopo baina ya mifereji, si kutoka chini ya mfereji hadi chini ya mfereji mwingine, na hupimwa ndani kidogo, mahali ambapo kutu haijabambua magamba. Halafu mtu ahamie nyuma. Mjerumani aliufunga mzinga wake kwa bonge la chuma linaloteleza kutoka upande mmoja kwenda wa pili, kwa hiyo sehemu ya nyuma ina umbo la pembe nne, nene, yenye tundu la kupitia ubavuni. Mwingereza alitumia kizibo cha skrubu kinachofunguka kwa bawaba, kwa hiyo nyuma ya mtutu wake pana tundu la mviringo lenye meno yaliyokatwakatwa. Hata vizibo vyenyewe vikiwa vimepotea, nyumba zake zinabaki. Hapo ndipo ubishi unapokwisha.

Vizibo kupotea ni habari yenyewe. Askari aliyelazimika kuuacha mzinga alikuwa na njia mbili za kumnyima adui: kutupa kizibo, au kuuziba mtutu na kuulipua. Mdomo uliopasuka na kuchanuka unaonyesha njia ya pili. Kwa hiyo ufa mkubwa kwenye mzinga wa vita vile haupaswi kuzibwa kwa simenti na kupakwa rangi eti upendeze. Ufa huo unatuambia kwamba waliokuwa nao walishindwa kuuvuta zaidi.

Rangi ndiyo adui wa kimya wa kazi hii. Hewa ya pwani ina chumvi, na chuma kilichopigwa na upepo wa bahari kwa miaka mia huanza kubambuka. Watunzaji huipaka mizinga rangi kuilinda, na kwa hilo wanastahili shukrani, lakini tabaka juu ya tabaka hufukia herufi, nambari na taji. Anayezitafuta asiguse brashi ya waya, na mashine ya kusagia vyuma ndiyo kabisa. Vitu hivyo vinaondoa chuma pamoja na maandishi yake. Aende jioni, jua likiwa limelala, au usiku akiwa na tochi iliyowekwa ubavuni mwa chuma ili kivuli kiinue herufi. Aweke karatasi nyembamba juu yake na kuisugua kwa mkaa. Apige picha kukiwa na rula ndani ya picha. Mizinga ya Krupp, kiwanda cha Ujerumani, kwa kawaida ina jina la kiwanda, nambari na mwaka sehemu ya nyuma, na nambari hiyo ndiyo inayoweza kuutenganisha mzinga mmoja na wenzake tisa waliokuwa meli moja.

Königsberg ilikuwa na mizinga kumi ya aina hiyo. Iliteremshwa majini huko Kiel mwaka 1905, na Juni 1914 ikafika Dar es Salaam ikiongozwa na Kapteni Max Looff. Pegasus, iliyoteremshwa majini mwaka 1897, ilikuwa na minane ya inchi nne. Siku ya shambulio la Unguja, Pegasus ilikuwa imetia nanga ikifanyiwa ukarabati wa mitambo. Hata kama ingekuwa tayari, isingefua dafu. Mizinga ya Königsberg ilirusha kombora la karibu kilo 17 umbali unaozidi kilomita 12, na ile ya Pegasus ilirusha kombora la kilo 11 tu, tena haikufika mbali hivyo. Wajerumani walisimama mahali ambapo makombora ya Waingereza yalidondoka baharini kabla ya kuwafikia. Mabaharia 38 wa Pegasus walikufa, na baadhi yao wamezikwa kisiwa cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe.

Mshindi naye hakwenda mbali. Mitambo ya Königsberg ilikuwa mibovu, ikajificha katika delta ya Rufiji, ndani ya mikoko. Sehemu za mitambo yake zilivutwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikavutwa kurudishwa, kazi yote ikifanywa na mikono na mabega ya Waafrika. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba 1914 wakaizingira kwa miezi. Mwishowe walileta meli mbili bapa zenye uwezo wa kuingia maji mafupi, Severn na Mersey, na tarehe 11 Julai 1915, ndege kutoka Mafia zikiwaelekeza wapigaji, Königsberg ikaangamia. Looff aliamuru vizibo vya mizinga vitupwe mtoni na meli ilipuliwe.

Wengine wangesema hadithi imeishia hapo. Kwa historia ya bara, ndipo inaanza. Wajerumani waliinua mizinga yote kumi kutoka kwenye mabaki, wakapiga mbizi kutafuta vizibo vyake, wakaipeleka Dar es Salaam na kuitengenezea magari ya magurudumu. Silaha iliyosanifiwa kwa sitaha ya meli ikawa inavutwa kwenye tope la masika, milimani na nyikani, na mamia ya watu kwa kamba. Mmoja ulifungwa kwenye meli Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, ile ile ambayo vizazi vya wasafiri wa Kigoma wanaijua kwa jina la MV Liemba. Mwingine uliachwa Kahe, chini ya Kilimanjaro, mwezi Machi 1916. Mwezi Mei mwaka huo mizinga ya Königsberg ilikuwa ikinguruma Kondoa Irangi, mamia ya kilomita kutoka baharini. Ile ya Pegasus nayo, baada ya Waingereza kuinyanyua kutoka chini ya bandari ya Unguja, ilitiwa magurudumu ikapelekwa vitani bara. Jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilipovuka Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba 1917, halikuwa na hata mmoja wa ile kumi. Yote ilikuwa imelipuliwa, imetekwa au imeachwa.

Mitatu ya Königsberg inajulikana kuwapo hadi leo: mmoja Pretoria kwenye viwanja vya Union Buildings, mmoja Jinja, Uganda, na mmoja Mombasa. Kila mmoja uko mahali tofauti kwa sababu jeshi lililouteka lilitaka kuuonyesha kwao.

Nani alizibeba silaha hizi, na nani aliwalisha waliozipiga? Hapa ndipo Nyambene inapoingia. Waingereza walipogundua kwamba vita vya nchi isiyo na barabara, yenye mbung'o wa kuua ng'ombe na farasi, haviwezekani bila mabega ya watu, walipitisha sheria mwaka 1915 ya kuwakamata watu kwa nguvu wawe wapagazi. Mwaka 1917 John Ainsworth alipewa jukumu la kukusanya watu kwa wingi kupita wakati wowote, na kikosi chenyewe kiliongozwa na Oscar Watkins. Meru, Embu, nchi ya Wakikuyu, Ukambani na Nyanza zilitakiwa kutoa maelfu. Meru ilikuwa chini ya utawala wa Kiingereza kwa miaka kama tisa tu, tangu boma la mwaka 1908. Kijana ambaye hajawahi kulipa kodi zaidi ya mara chache alijikuta akitembezwa kwa mguu kuteremka nyanda za juu, akipakiwa gari la moshi hadi Mombasa, na kutoka hapo melini kwenda Kilwa, Lindi au Dar es Salaam.

Kuna uchungu wa pekee katika hilo kwa Wameru. Masimulizi yao ya asili yanasema mababu walitoka Mbwaa, mahali penye maji pwani, walikotumikishwa na watu wa Nguo Ntune, wenye nguo nyekundu, wakatoroka usiku na kupanda bara. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyewasikiliza wazee wa Meru na kuandika masimulizi yao, aliielekeza Mbwaa kwenye kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Wapo wanaobishana naye kuhusu mahali penyewe. Lakini kwa mtu aliyelelewa na simulizi hiyo, kurudishwa pwani kwa kamba ya serikali mwaka 1917 halikuwa jambo dogo, na inasikitisha kwamba katika vitabu vya vita vile Wameru wanatajwa kama tarakimu kwenye jedwali la wilaya.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulizidi kilo 20. Kombora moja la Königsberg pamoja na ganda lake la shaba na baruti lingekuwa mzigo kamili wa mtu mmoja, na hivyo ndivyo makombora yalivyosafiri pande zote mbili za vita. Watu wa nyanda za baridi waliuawa na malaria ya mabondeni, nimonia, na zaidi ya yote kuhara, kwa sababu walipewa unga wa mahindi wasiouzoea, tena ukipikwa haraka ukiwa mbichi. Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi wapatao 45,000 kutoka nchi inayoitwa Kenya leo walikufa. Hiyo ni zaidi ya mara elfu moja ya wale waliokufa ndani ya Pegasus. Baadhi ya wale wa Pegasus wana makaburi yenye majina Chapwani.

Kwa hiyo kuutambua mzinga sawasawa si kazi ya wapenda silaha peke yao. Mzinga ukiitwa wa Wareno, mpagazi wa Meru anatoweka kwenye habari yake. Ukiitwa kwa jina lake, mtoto wa Kangeta anayeshuka basini ana haki ya kuuliza babu wa babu yake alikuwa upande gani wa kamba.

Sheria nayo ina pengo linalostahili kuangaliwa. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kitu kinachohamishika kuwa cha kale iwapo kilitengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Mzinga wa Mreno unaingia hapo bila shida. Silaha iliyoingia nchini kwa Vita vya Kwanza vya Dunia haiingii. Waziri anaweza kukilinda kitu cha baadaye kwa tangazo katika gazeti rasmi la serikali, na vilivyomo ndani ya Fort Jesus viko chini ya ulinzi wa mnara wa taifa, ambao tangu 2011 ni urithi wa dunia. Wasiwasi ni kwa vile vilivyozagaa nje: kipande cha gari la mzinga kwenye shamba la mtu, ganda la shaba lililogeuzwa chombo cha maua, bamba la chuma lililotolewa bahari ikiwa imekupwa. Bei ya chuma chakavu inajulikana na kila kijana, na biashara hiyo ilikuwa imeshamiri kiasi kwamba Januari 2022 serikali iliisimamisha kwa miezi kadhaa baada ya nguzo za umeme na reli kuibwa. Kitu kisichotambuliwa kinapimwa kwa kilo.

Yupo pia anayeokota kombora likiwa bado hai. Ukisimama miteremko ya kaskazini ya Nyambene, nchi inateremka kuelekea Isiolo na mbele yake Archer's Post, ambako jeshi la Uingereza limefanya mazoezi ya kulenga shabaha kwa miongo mingi. Wafugaji na watoto wao waliokota makombora ambayo hayakulipuka, yakawalipukia. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kuwalipa walalamikaji 228 pauni milioni 4.5. Makombora ya 1914 yaliyolala majini au ardhini hayajapoa kwa sababu ya uzee. Baruti na fataki zake huweza kuwa kali zaidi kadiri zinavyochakaa. Mtutu unapimwa, unasuguliwa kwa mkaa, unapigwa picha. Kombora haliguswi. Linawekewa alama kwa mbali na polisi wanaitwa.

Kizazi kilichofuata kile cha wapagazi kilipewa mizinga mikononi. Aprili 1942, Wajapani walipoishambulia Colombo, Waingereza walihamishia kundi lao la manowari za Mashariki bandari ya Kilindini, na Mombasa ikawa tena mji wa vita. Safari hii Waafrika hawakuwa wapagazi tu. Walifunzwa kulenga na kupiga. Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki kilipakiwa Kilindini Februari 1944 katika meli Khedive Ismail kwenda Ceylon. Tarehe 12 mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliitobua. Ilizama kwa chini ya dakika tatu. Watu 1,297 walikufa, sehemu kubwa wakiwa wapigaji mizinga wa kikosi hicho.

Wale wa 1944 wanakumbukwa kwenye mnara wa Afrika Mashariki uliopo makaburi ya vita Nairobi, kwenye barabara ya Ngong, na familia inaweza kwenda kutafuta jina. Wapagazi wa 1917 walijengewa sanamu Nairobi na Mombasa, bila majina. Mishahara ya maelfu waliofia mbali haikuwafikia warithi wao, ingawa Watkins aliendelea kuidai baada ya vita. Siku kibao cha ile mizinga miwili kitakapoandikwa upya pale Fort Jesus, nafasi ipo ya kuweka nambari iliyochapwa nyuma ya mtutu, jina la meli, mahali ulipotekwa, na wilaya zilizotoa watu waliobeba vyakula na makombora, Meru na Embu zikiwamo.